Gunzi na Jiwe

Februari, Nyando ni mto wenye adabu.
Nilivaa buti, nikashika saa,
nikatupa gunzi la mahindi penye nguzo ya stima,
likaelea, halina haraka, hadi kaburi la Ogola:
mita ishirini, sekunde kumi.
Karatasi ya mkandarasi ikanijibu upesi:
jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto latosha.

Mama Nereah alikuwa akinitazama,
karai la omena kiunoni.
Hakusema nimekosea.
Aliuliza tu: "Kwani umepima mto ukiwa umelala?"

Mei iliyopita, usiku, naye alitupa gunzi lake.
Saa hakuwa nayo. Alihesabu
kama ahesabuvyo debe za mpunga pale Ahero,
polepole, mnunuzi asije akamchanganya.
"Nikafika tano. Gunzi likapita kaburini,
na kipande cha shamba kikalifuata."

Tano badala ya kumi.
Mwendo maradufu, basi na jiwe maradufu,
ndivyo mtu angedhani.
Maji hayakopeshi hivyo.
Mwendo ukiwa maradufu, unene wa jiwe hutakiwa mara nne,
na uzito wake (kaa kwanza, Mama)
mara sitini na nne.

Alicheka hadi karai likatikisika.
"Hiyo riba hata chama chetu hakijaifikia."

Usiku ule nilipiga hesabu upya, taa ikivutia kumbikumbi:
mita themanini za ukingo, sita za mteremko,
tabaka la sentimita tisini, mawe mawili yakibebana.
Mia nne thelathini na mbili.
Lori la mita nane, safari hamsini na nne.
Nikaongeza tano za kuzika mguuni,
maana mto hauanzi kula mezani;
huanza chini, gizani, kama mchwa na mlango.

Otuoma wa kuchomelea alinikunjia pete ya nondo,
sentimita arobaini na tano, hakutaka pesa ya kukunja,
alitaka kujua tu ng'ombe gani ana shingo hiyo.
Nusu ya mawe yapite, nusu yakatae:
hilo ndilo lori la haki.
Na yawe ya Kajulu, meusi, yenye pembe.
Jiwe la mviringo ni mgeni wa kupita,
halishiki mkono wa jirani.
Chini yake changarawe, la sivyo
maji yatanyonya tope kupitia nyufa
na mawe yatabaki yamekalia hewa.

Lori la thelathini na moja
lilikuja limependeza kupita kiasi.
Juu mawe ya harusi, chini kokoto za matanga.
Kiplimo alizima injini, akachomoa kijiti mdomoni:
"Dada, ni nani atapanda huko juu kuangalia?"
Nikapanda.
La kwanza likapita peteni. La pili. La tisa
likapita kama paka kwenye ua wa jirani.
Simu ya mkandarasi ikalia: mimi ni mpimaji au mwanasiasa?
Sikuwa na jibu zuri.
Nilisema, "Rudisha," na sauti yangu ikakwama katikati,
na Kiplimo, sijui kwa nini, akaniheshimu kwa hilo.
Alirudi saa kumi na moja na mawe ya kweli
na chupa ya maziwa lala kutoka kwao milimani.

Tulimaliza wiki mbili kabla ya mvua.
Ukuta haukuwa mzuri wa kutazama.
Diwani alikuja kupigwa picha, akakosa mahali pa kusimama.

Leo ni Mei. Nandi kumenguruma tangu jana.
Saa nane usiku simu yangu inawaka,
nasikia mto kabla ya kumsikia yeye.

"Tano," anasema Mama Nereah. Anapumua.
"Tano ileile. Lakini gunzi limepita peke yake."
Halafu, nilipokuwa nataka kumshukuru Mungu:
"Kuna jiwe moja la pembeni limejigeuza,
kama mtu usingizini.
Kukicha, uje na pete yako."